Wagombea Urais na Maswali ya Sayansi

Mwishoni mwa mwaka 2007, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kumchagua rais mpya, kikundi cha watu wachache, miongoni mwao Shawn Otto na Matthew Chapman, waandishi wa filamu, na mwanafizikia Lawrence Krauss, waliona kuwa wagombea huulizwa juu ya kodi na vita, ilhali sayansi, ambayo dawa, chakula na silaha za taifa zimo ndani yake, haina mwenye kuiulizia; wakatoa wito wa mdahalo, na maelfu ya wanazuoni, wakiwamo washindi wa Tuzo ya Nobel, wakautia saini. Mdahalo ukapangiwa mji wa Philadelphia, mwezi wa Aprili 2008, lakini wagombea hawakukubali, ingawa siku chache kabla yake Barack Obama na Hillary Clinton walikwenda katika chuo cha Messiah, katika jimbo lilo hilo la Pennsylvania, kujibu maswali ya imani mbele ya kadamnasi. Imani ina haki ya kuulizwa, wala sina shaka. Nilitaraji tu kuwa sayansi nayo ingepewa kikao chake.

Sayansi haikukosa kutajwa majukwaani, lakini aghalabu ilitajwa kwa dhihaka. Mgombea John McCain alibeza fedha zilizotumika kuchunguza vinasaba vya dubu wa Montana, ilhali vinasaba hivyo, vilivyopatikana katika manyoya yao, ndivyo vilivyowezesha dubu hao kuhesabiwa. Na mbele ya taifa zima aliita projekta ya kawaida, kama zile za darasani, kitu ambacho kwa hakika kilikuwa mtambo wa kuonyesha nyota katika kuba la Adler Planetarium, Chicago, ulioombewa fedha ili ushike nafasi ya mtambo uliokwisha kuchakaa. Mgombea mwenza wake, Sarah Palin, katika hotuba iliyohusu watoto wenye ulemavu, alidhihaki utafiti wa nzi wa matunda uliofanywa Ufaransa, naye nzi huyo ndiye adui wa zeituni za wakulima wa California. Mzaha wa namna hii hauhitaji dakika moja kutamkwa, lakini kuubatilisha kwahitaji darasa zima, na hadhira ya kampeni haina subira ya darasa.

Waliotaka mdahalo hawakukata tamaa, wakapeleka maswali 14 kwa maandishi, na Obama na McCain wote wawili wakayajibu. Ni dhahiri kuwa majibu ya namna hiyo huandikwa na washauri. Hata hivyo nayathamini, kwa kuwa karatasi haikanushiki. Obama aliandika kwamba angeondoa vikwazo vilivyowekwa na Rais George W. Bush mwaka 2001 juu ya fedha za serikali kwa utafiti wa seli shina za viinitete, na tarehe 9 Machi 2009, akiwa Ikulu, alitia saini amri ya kuviondoa.

Mwaka 2016 maswali yalifika 20, na Hillary Clinton na Donald Trump waliyajibu, kwa maandishi vilevile. Kuwasimamisha wagombea wawili wa urais ana kwa ana, wahojiane juu ya sayansi peke yake, bado hakujatokea.