Kwa nini kipimo kimoja cha kinyesi huenda kisitambue vimelea vya tumbo

MAUMIVU ya tumbo, kuendesha na kujaa gesi ni dalili ambazo watu wengi mjini Nakuru na viunga vyake huzikabili kwa kununua dawa ya minyoo dukani bila kupimwa.

Hata hivyo, dalili hizo husababishwa na magonjwa mengi, na albendazole inayotumiwa kuua minyoo haitibu amiba. Kipimo cha kinyesi ndicho huonyesha tofauti, mradi kifanywe ipasavyo.

Mazingira ya eneo hili hurahisisha maambukizi. Katika mitaa ya Rhonda na Kaptembwa, wapangaji wengi hutumia choo cha shimo kwa pamoja. Mayai ya mchango huweza kukaa udongoni kwa miaka kadhaa, kisha yakafika kinywani kupitia mikono michafu au mboga zisizooshwa vyema. Minyoo ya safura nayo hupenya ngozi ya mtu anayetembea bila viatu, ikamnyonya damu.

Katika maabara, kinyesi kidogo huchanganywa na maji ya chumvi juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mhudumu hutafuta mayai ya minyoo, amiba na giadia.

Tatizo ni kwamba vimelea havitoki kwa kiwango sawa kila siku. Sampuli ya Jumatatu huenda isionyeshe chochote, ilhali ya Jumatano ikawa na mayai tele. Kwa hivyo, dalili zikiendelea, hupendekezwa sampuli 3 zichukuliwe katika siku tofauti.

Muda pia ni muhimu. Amiba hai hufa upesi nje ya mwili, na kinyesi cha majimaji kinafaa kuchunguzwa ndani ya dakika 30. Mgonjwa anayetoka Molo au Kuresoi akiwa amebeba sampuli ya alfajiri huenda akaambiwa hana ugonjwa, ilhali anao. Ni heri atoe sampuli hiyo akiwa kituoni.

Kosa la kinyume pia hutokea. Amiba inayodhuru, Entamoeba histolytica, hufanana mno kwa hadubini na Entamoeba dispar, isiyo na madhara. Mnamo 1997, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa mtu asiye na dalili asitibiwe kwa sababu tu hadubini imeonyesha amiba za aina hiyo.

Sampuli iwekwe katika mkebe safi, mkavu na wenye kifuniko, bila kuchanganyika na mkojo wala maji. Mgonjwa amweleze daktari iwapo ametumia antibiotiki hivi karibuni, kwani huweza kuficha vimelea.

Anayeona damu kwenye kinyesi, kupungua uzani au kupata homa asitosheke na jibu la kwamba hana vimelea. Huenda chanzo ni maradhi mengine, hata saratani ya utumbo, na kila wiki inayopotea kwa dawa za kubahatisha humpa ugonjwa nafasi ya kukomaa.