Damu Ikionekana Njema, na Mkojo Ungali Wazuilika

Wazee wengi wakiona shida ya kukojoa husema, "Ni uzee tu." Na mara nyingi ndivyo ilivyo, kwani tezi dume, iliyo chini ya kibofu, huongezeka ukubwa kadiri miaka ipitavyo. Lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ugonjwa mmoja ulio adimu sana, nao hufananishwa na hali hiyo: ni saratani ya misuli laini ya tezi dume, iitwayo leiomaiosakoma.

Tezi hiyo ina vifuko vidogo vitoavyo majimaji, tena ina nyuzi za misuli zivizungukazo, ambazo hujikaza zenyewe pasipo mtu kuziamuru. Saratani iliyo ya kawaida huanza katika vifuko. Hii huanza katika nyuzi. Katika kila watu 1,000 wenye saratani ya tezi dume, wenye saratani za namna hii hawafiki hata mmoja.

Hapo ndipo penye hatari. Kipimo cha damu kiitwacho PSA, ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kuwaangalia waliokwisha kuugua, na mwaka 1994 kwa kusaidia kuutafuta ugonjwa, hupima kitu kitokacho katika vifuko. Nyuzi hazikitoi. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na uvimbe mkubwa, na cheti chake kikasema damu ni njema. Nyumbani wote hufurahi, kumbe mkojo wazidi kuzuilika, pengine una damu, na choo kimekuwa kigumu.

Basi daktari hujuaje? Kwanza huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kisha hutazama picha za ndani ya mwili, apate kujua uvimbe umefika wapi, na kama umekwisha kuenea hata mapafuni au katika ini. Lakini picha peke yake haikati shauri. Yapasa vipande vidogo vya tezi vitolewe kwa sindano, vikatazamwe kwa hadubini. Huko huonekana seli nyembamba, ndefu, zimelala pamoja kama mitumbwi pwani. Na kwa kuwa ziko namna nyingine zifananazo nazo, hata zisizo saratani, seli zigawanyikazo huhesabiwa; tena vipande hutiwa dawa zionyeshazo aktini na desmini, yaani protini za misuli.

Enyi akina baba, msione haya kusema habari za mkojo. Nanyi akina mama na vijana, mzee akirudi na cheti chema, naye angali anateseka, msimwache akae kimya. Mrudisheni kwa daktari, mkaulize kama kipande cha tezi kimetazamwa. Ugonjwa huu hukua upesi, na tumaini kubwa ni kuukata wote kabla haujaenea.