Hati Inayotenda: Makro na Udhaifu wa Programu za Ofisi

Virusi vya makro vinaibua swali ambalo mwanaisimu hulitambua mara moja: je, hati ni matini ya kusomwa au ni amri ya kutekelezwa? Makro ni mfuatano wa amri unaompunguzia karani kazi ya kurudiarudia, kama vile kupanga majedwali. Katika Microsoft Word amri hizo zilihifadhiwa ndani ya faili lenyewe, na makro iliyopewa jina la AutoOpen ilijitekeleza pindi faili lilipofunguliwa. Aliyedhani anasoma tu, kumbe alikuwa ameendesha programu.

Mwaka 1995 kirusi Concept kilijinakili katika Normal.dot, kiolezo ambacho Word hukipakia kila inapoanza, na hati zilizohifadhiwa baadaye zikaambukizwa. Melissa, kilichoenea Machi 1999, kilikwenda mbali zaidi: kilisoma kitabu cha anwani cha Outlook na kujituma kwa anwani 50 za kwanza, kikidai kuwa ni ujumbe muhimu kutoka kwa fulani. Fulani huyo alikuwa mtu ambaye mara nyingi mpokeaji alimfahamu. Nguvu yake basi ilitokana na kuaminiana kwa watu pamoja na msimbo wenyewe.

Tayari Word 97 ilikuwa na onyo. Hata hivyo, lilimuuliza mtumiaji kama anataka kuruhusu makro, bila kumweleza zingefanya nini. Swali lisilojibika si kinga. Wahalifu walilielewa hilo vyema kuliko watengenezaji: ndani ya hati zao waliandika, kwa lugha nyepesi, kwamba maandishi hayataonekana mpaka msomaji abofye kitufe cha kuruhusu. Sauti mbili zilimsemesha mtu mmoja, na iliyoeleweka zaidi ilikuwa ya mhalifu.

Ilipofika mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti. Ukanda wa manjano wenye kitufe cha kuruhusu ulibadilishwa na mwekundu usio nacho. Zuio hilo hutegemea alama inayobandikwa kwenye faili linapopakuliwa, nayo hupotea faili likinakiliwa kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT32. Katika ofisi ambamo hati husafiri mfukoni, ukanda wa manjano huonekana tena, pamoja na kitufe chake.