Mbona bodi mpya ya gari huota kutu mapema

KARAKANA za jua kali mjini Meru na Embu hazikosi pikapu iliyokatwa mabati yaliyooza, ikachomelewa mengine na kuachwa ikisubiri rangi. Gari hutoka likimeremeta. Msimu wa pili wa mvua ukifika, vipele huanza kujitokeza chini ya milango na kandokando ya matairi, na mwenyewe humlaumu fundi au rangi aliyouziwa. Aghalabu kosa lilitendeka mapema zaidi, bati lilipokuwa lingali tupu.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Si lazima mvua inyeshe. Unyevu ulio hewani watosha. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huibenua rangi kutoka chini hadi ikapasuka.

Hali ya hewa ya miteremko ya Mlima Kenya huzidisha tatizo hili. Mbali na mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, Julai huleta baridi na ukungu. Bati lililopoa usiku kucha hubaki baridi kuliko hewa ya asubuhi, na umande huweza kulitanda bila kuonekana. Fundi anayepuliza rangi saa moja asubuhi huko Runyenjes au Nkubu huenda anayafungia maji ndani. Wapaka rangi wa viwandani hutaka chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi kuliko kile kiwango ambacho umande huanza kutunga. Kwa fundi asiye na vipimo, ni heri angoje jua lipashe bati.

Kabla ya hapo, bati lisuguliwe kwa msasa hadi ling'ae. Kutu iliyojificha vishimoni huweza kutibiwa kwa asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kuwa fosfati, kisha bati lisafishwe na kukaushwa kama maelezo ya mkebe yanavyoagiza. Halafu lipanguswe kwa tina na kitambaa safi. Petroli isitumiwe: huacha mafuta, tena ni hatari ya moto. Hata kiganja kitupu huacha jasho lenye chumvi, na alama ya vidole huweza kujitokeza baadaye kama kutu.

Praima, hasa ya epoksi, ipulizwe siku iyo hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea. Praima nyingi za kawaida zina vitundu vidogo vinavyopitisha maji, hivyo gari lililopakwa rangi ya kijivu na kuendeshwa miezi mitatu likingoja fedha za kumalizia halijakingwa. Puti nayo hufyonza maji, na ikiachwa wazi mvuani huyahifadhi palepale penye bati.

Yapo magari yasiyopakwa rangi kabisa. DeLorean, lililoundwa Ireland Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilivikwa chuma cha pua. Bati la kawaida la karakana halina kinga hiyo, wala lile la paa lililopakwa zinki si kinga tena pale lilipochomelewa, kwani moto huunguza zinki.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi hudumu, lakini nyingi zina isosianeti, kemikali iwezayo kuleta pumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Isitoshe, anayebadilisha rangi ya gari sharti aijulishe NTSA, maana rangi hiyo imo katika rekodi za usajili.

Baada ya yote, mahali pa kutazama ni pale pasipoonekana. Changarawe za barabara za murram hukwangua sehemu ya chini, na matope huziba vitundu vya kutolea maji milangoni. Pikapu iliyobeba mbolea ya CAN ioshwe siku hiyo hiyo, kwani chembe zake ni chumvi inayovuta unyevu na kula chuma, na hupenda kujibana kwenye mikunjo ya sakafu ambako rangi ni nyembamba.