Mabilioni Yaliyofungiwa: Nani Bingwa?

Kuishinda serikali ya nje kwa kesi ya ugaidi katika mahakama za Marekani ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuikamata mali yake iliyozuiwa, na huko ndiko rekodi zinakowekwa.

1. Windo nono: dola bilioni 1.75
Hizi zilikuwa za Benki Kuu ya Iran, zikiwa zimezuiwa New York. Familia za wanajeshi 241 wa Marekani waliouawa Beirut mwaka 1983, kwa bomu lililohusishwa na Iran, walizifukuzia hadi Bunge likatunga kifungu kinachotaja kesi yao kwa namba. Mahakama ya Juu ikakibariki mwaka 2016, kwa kura 6 dhidi ya 2. Miaka 33!

2. Mali kongwe
Vibao vya udongo vya Persepolis, ambavyo Iran iliviazimisha Chicago mwaka 1937, vina miaka kama 2,500. Husuni Kubwa ya Kilwa, kwa miaka yake 700 hivi, ni kijukuu tu. Waliojeruhiwa kwa mabomu ya Jerusalem mwaka 1997 walivitaka. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Juu walikataa, 8 kwa 0.

3. Mali ndefu
Jengo namba 650 la Fifth Avenue, New York, lililohusishwa na Iran: ghorofa 36. KICC ya Nairobi ina 28. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa waathiriwa wa ugaidi ushindi mwaka 2017, rufaa ikaufuta 2019.

4. Furushi lililogoma
Dola bilioni 7 za Benki Kuu ya Afghanistan, karibu gharama ya reli mbili za SGR ya Mombasa–Nairobi. Familia za waathiriwa wa mashambulizi ya Septemba 11 zililenga nusu yake. Mwaka 2023 jaji aliwakatalia: fedha hizo si za Taliban.

5. Pengo pana
Hili ni letu. Kwa mabomu ya Agosti 7, 1998, Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, Sudan, iliyohusishwa nayo, iliamriwa kulipa dola bilioni 10.2. Hizo ni karibu SGR tatu! Zilizolipwa, kwa mkataba na Marekani, ni dola milioni 335, shilingi 3 na ushee katika kila 100, tena kutoka mfuko wa Khartoum yenyewe, ili itolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Na sheria ya Marekani inawatambua tu raia wake, wanajeshi wake na wafanyakazi wa serikali yake pamoja na wakandarasi wake. Mkenya aliyekuwa kazini Ufundi House, jengo jirani lililoporomoka siku ile, hakuwekewa hata senti katika mkataba huo.