Barabara Ikipita Shambani: Malipo Kwanza, Tingatinga Baadaye



Jiji linapokua, barabara zake hurefuka, na mara nyingi hurefuka kupitia mashamba, makaburi na nyumba za watu. Hapo ndipo mjadala huzuka. Wako wanaoitaka barabara kwa haraka, na wako wanaouliza watakwenda wapi. Pande zote mbili zina hoja. Makala haya yaeleza sheria ya Uganda inavyoupatanisha mvutano huo.

Fundisho la Hoima

Hoima ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020. Hata kabla ya hapo, barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya ilikuwa imekwisha kujengwa kutoka mjini hadi ukingo wa Ziwa Albert, ambalo ng'ambo yake ni Kongo. Shabaha yake ilikuwa kulifikia eneo lililopangwa kwa shughuli za mafuta. Mvuvi na mchuuzi waliiona lami kuwa neema, kwa kuwa samaki huwahi sokoni kabla hawajaharibika. Mwenye shamba lililokatwa na barabara hiyo alikuwa na swali jingine: nani atanilipa, na lini?

Mwananchi mmoja ambaye ardhi yake ilichukuliwa kabla hajalipwa alilipeleka swali hilo mahakamani pamoja na mwenzake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kifungu cha Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1965, kilichoiruhusu Serikali kuingia katika ardhi kabla ya kulipa fidia, kinapingana na Katiba. Mwaka 2017 uliletwa mswada wa kurekebisha Katiba, ili Serikali iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi wakati mgogoro wa fidia haujaisha. Ulipingwa vikali, wala haukupitishwa.

Katiba yasemaje?

Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 yaruhusu ardhi itwaliwe kwa matumizi ya umma, lakini kwa masharti. Fidia iwe ya haki na ya kutosha, ilipwe bila kukawia, tena kabla ardhi haijachukuliwa. Asiyeridhika ana haki ya kwenda mahakamani.

Basi mwananchi hawezi kuizuia barabara ya umma kwa sababu tu haipendi, na mjenzi hawezi kuingiza tingatinga kwa sababu tu ana ramani.

Hesabu ya fidia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yataka ardhi, majengo na mazao ya kudumu yathaminiwe. Juu ya jumla hiyo huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15. Mwananchi akipewa notisi ya chini ya miezi 6 kuhama, posho hupanda hadi asilimia 30. Kwa mfano, aliyethaminiwa shilingi 10,000,000 huongezewa 1,500,000. Akiharakishwa kuhama, huongezewa 3,000,000. Kabla ya kutia sahihi, soma hesabu yako yote, uulize kila usichokielewa, na ubaki na nakala.

Mambo ya kuepuka

Habari za barabara zinapoenea, hila nazo huenea. Madalali huwahi kununua ardhi kwa bei ya chini kwa wasiojua. Wengine huinua vibanda usiku ili wahesabiwe. Kwa kawaida kilichojengwa baada ya siku ya mwisho ya hesabu hakilipwi. Kung'oa mawe ya mipaka, kughushi hati au kudai shamba la jirani ni makosa ya jinai. Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Mnunuzi na muuzaji wote wakumbuke hilo.

Kwa wenye jamaa ng'ambo

Mpaka hugawa sheria hata pale usipogawa ukoo. Nchini Uganda, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Aweza kupangishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Nchini Kenya, masuala ya utwaaji na fidia husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Nchini Tanzania, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Usitumie desturi ya upande mmoja kudai haki upande wa pili. Tengeneza karatasi zako mapema, kabla wapimaji hawajafika.

Nafasi ya polisi

Polisi si mthamini, wala si hakimu wa ardhi. Wajibu wetu ni kuulinda mkutano wa kijiji ili kila mtu aseme bila hofu, kuwalinda wapimaji wasipigwe, na kumlinda mwenye nyumba asionewe. Mwenye shaka aanze kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), kisha ofisi ya ardhi ya wilaya. Akitishwa au akighushiwa sahihi, aje kituoni kwa afisa wa uhusiano wa jamii.

Jiwe lililorushwa kwa hasira halijapata kuongeza fidia ya mtu. Aliyeibadili tafsiri ya sheria kwa nchi nzima alikwenda mahakamani na karatasi zake mkononi. Haba na haba hujaza kibaba: anza leo kwa kuitafuta hati yako, na kuihifadhi mahali pakavu.