Kaye ya mutuele, ordinatere na heshima ya muntu

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama wenye kubakia nyumbani wakati tuko posti ya usiku, leo siongei juu ya mushahara. Naongea juu ya sanduku ya mutuele, ile tunatia franga kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya kilio, magonjwa na masomo ya watoto.

Hapa Hewa Bora mutuele yetu ilikuwa na sanduku moja ya chuma na kaye moja. Siku mwenzetu alifiwa, tulifungua sanduku ili tununue jeneza. Kaye ilisema dola 1 000. Tukapeleka franga za ndani kwa kambiste, zikatoka dola 800 tu. Watu wakasimama mbele ya nyumba ya trezorie: «Baba, weye njo ulikula franga ya kilio!» Na miye nilikuwa kati yao. Bibi yake na watoto walisikia yote. Mzee aliacha kazi ya trezorie kesho yake.

Kisha miezi mingi, kijana mumoja wa jirani mwenye kusoma hesabu alileta ordinatere yake. Ndani kulikuwa programu GnuCash. Tukaingiza kaye yote, mustari kwa mustari. Programu ile inalinda hesabu ya franga za Kongo mbali na ya dola, na inauliza dola ilikuwa bei gani siku ile. Pale njo tuliona. Wanamemba walilipa franga 2 000 000. Trezorie aliandika dola 1 000 juu wakati ule dola moja ilikuwa franga 2 000. Siku ya kilio ilikuwa imefika 2 500. Gawanya mwenyewe: 800. Hakukuwa mwizi. Tulienda kwake kuomba musamaha. Alitupa viti, alitupa maji, lakini kazi ya trezorie alikatala.

Programu hii inatoka wapi? GnuCash ilitoka mwaka 1998. Dolibarr, yenye kuwa pia na sehemu ya wanamemba na michango yao, ilianza Ufaransa. Zote mbili ni programu huru. Wazo hilo lilitangazwa Marekani mwaka 1983 na Richard Stallman: kila muntu awe na ruhusa ya kutumia programu, kufungua na kuona inatumika namna gani, kuibadilisha, na kugawia wengine. Haulipi leseni. Hakuna mwenye kukufungia hesabu zako juu haukulipa mwaka huu. Kwa mutuele ya watu makumi mbili, hilo si jambo ndogo.

Na sheria iko nyuma yetu. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2024 OHADA ina kanuni za hesabu kwa mashirika yasiyotafuta faida, zinaitwa SYCEBNL. Kaye yenye kulowa mvua haitatosha tena.

Hapa kazi iko kwa vijana wetu wa Lubumbashi. Programu inakuja na orodha ya hesabu za kawaida, lakini sisi tunahitaji orodha yenye kufuata SYCEBNL, na maneno ya Kiswahili chetu: mchango, deni, kilio, masomo. Kutafsiri hakuombi ujue kuandika programu. Ni faili ya maneno, kushoto neno lao, kuume neno lako. Ukishamaliza, unairudisha kwa wenye kuitengeneza, na mutuele ya Kolwezi ao ya Likasi inaipata bila kulipa.

Lakini tusidanganyane. Ordinatere haikamati mwizi asiyeandika kitu. Risiti zibakie, saini mbili zibakie, na watu watatu wahesabu sanduku pamoja. Umeme unakatika, basi kila siku ya kuandika, kopia moja iende kwenye kle ya muntu mwingine, na karatasi moja ibandikwe ukutani, kila mama aone.

Kodi ya madini ya 2018 inaomba makampuni yatoe hata kidogo 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wenye kukaa karibu na mgodi. Sisi wa sendika tunasema kila siku: fungueni vitabu, tuone. Ni haki yetu. Lakini siku watatujibu «na ninyi, vitabu vyenu viko wapi?», tusiangalie chini. Tuanze na sanduku yetu. Ingekuwa hivyo tangu zamani, mzee mumoja wa Hewa Bora hangepata haya mbele ya watoto wake.